Ugenini, tafuta kijiwe kabla ya kutafuta usiku

Mtu anayependa muziki usiopigwa redioni akihamia nchi ya watu, wiki za kwanza hufanya jambo lilelile. Anaandika jina la mji na neno klabu kwenye simu, anapata orodha ya kumbi kumi, kisha kila Jumamosi anajaribu ukumbi mmoja. Baada ya miezi miwili na nusu kumbi zote amezimaliza, na hakuna hata mtu mmoja humo anayelijua jina lake. Anajisemea kwamba watu wa mji ule wana roho baridi. Sisi tunaona lawama hiyo imewaangukia wasiohusika. Kilichomwangusha ni hesabu ya saa.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alitoa matokeo ya utafiti uliowachunguza, miongoni mwa wengine, watu wazima waliokuwa wamehamia sehemu mpya ndani ya miezi sita na wanatafuta marafiki. Makadirio yake ni kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemjua kwa sura tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe mwandani. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuzaa kama saa za kupumzika pamoja. Chukua basi usiku kumi wa yule mzururaji, saa tatu kila mahali. Ametumia saa 30, lakini hakuna binadamu aliyekuwa naye zaidi ya zile tatu za ukumbi mmoja. Angekwenda mahali pamoja kila wiki kwa saa nne, wiki ya 13 angefikisha saa 52 mbele ya sura zilezile.

Mwanasosholojia Ray Oldenburg alieleza mwaka 1989 umuhimu wa mahali pa tatu katika maisha ya mtu, mbali na nyumbani na kazini, ambapo watu hukutana bila miadi. Sisi tuna neno lake la siku zote: kijiwe. Na kila aliyewahi kukaa kijiweni anazijua sifa zake. Siku na saa zinajulikana, sura hazibadiliki sana, na hakuna anayesubiri kualikwa. Usiku ukikosa mojawapo ya hizo, muziki uwe mtamu kiasi gani, utarudi nyumbani mpweke kama ulivyotoka. Swali la kwanza la mgeni liwe hili: usiku gani hapa unajirudia, na nani hurudi?

Tukisema usiku wa pembeni tunamaanisha ule usiotegemea nyimbo zinazovuma: goth (roki ya giza na huzuni), post-punk, metali, hardcore (punk ya kasi na makelele), noise (kelele zilizofanywa muziki), jazi ya kubuni papo kwa papo, tekno isiyochezwa kwenye matangazo. Na wapo wasiohitaji muziki kabisa, kama watu wa mikesha ya ushairi, klabu za filamu za zamani au karakana za wapenzi wa kompyuta. Jambo la kwanza kulielewa kuhusu dunia hii ni udogo wake. Katika mji wa wastani, wapenzi wa aina moja tu ya muziki mara nyingi hawatoshi kujaza chumba, kwa hiyo majirani hukodi chumba kimoja: goth, industrial (muziki wa sauti za mashine) na post-punk hukaa pamoja, metali na hardcore vilevile. Anayetafuta jina moja tu, tuseme darkwave, ndugu ya goth, atakuta patupu, kumbe mtaa wa pili kuna usiku ambao darkwave hupigwa saa nzima bila kuandikwa kwenye bango. Andika karatasini aina nne au tano zinazopakana na unayoipenda, utafute zote.

Jambo la pili ndilo linalowapita wengi: usiku wa pembeni huishi kwenye siku mbovu. Mwenye ukumbi hahitaji msaada wa mtu kujaza Ijumaa na Jumamosi. Watu wa pembeni hupewa siku ambayo bila wao angekaa na viti vitupu. Historia inalionyesha hilo wazi. Mwaka 1974 bendi ya Television, kabla haijajulikana, ilianza kupiga Jumapili kwenye baa ya CBGB mjini New York, na baa hiyo ikawa makazi ya punk ya mji ule. Mwaka 1979 mjini London, Steve Strange na Rusty Egan walishika Jumanne za baa iitwayo Blitz, na kizazi kizima cha New Romantic, mtindo wa muziki na mavazi ya madoido, kikatokea humo. Mwaka 1982 klabu ya Batcave ilianza mtaa wa Soho, London hiyohiyo, siku ya Jumatano, ikawa nyumba ya goth. Hata watu wa kompyuta walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 2007 Wajerumani Jens Ohlig na Lars Weiler, walipopanga maandishi ya namna ya kuanzisha karakana za pamoja za wapenzi wa kompyuta, walishauri mkutano uwe kila wiki, siku ya Jumanne. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna siku inayomfaa kila mtu, basi ichaguliwe moja mjadala uishe.

Kwa hiyo anza upekuzi wako kwenye Jumapili hadi Alhamisi. Anayetoka Jumanne huku ana kazi asubuhi ametoka kwa sababu anaupenda muziki ule. Jumamosi wengi huja kwa sababu ni Jumamosi.

Sasa namna ya kuupata. Chukua bango la onyesho dogo ulisome kuanzia chini. Juu, kwa herufi kubwa, kuna bendi iliyosafiri, ambayo kesho itakuwa mji mwingine na haitakusaidia kitu. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna bendi inayotangulia, na hiyo mara nyingi ni ya palepale mjini. Chini zaidi kuna jina au nembo ya mwandaaji, pengine la redio ya jamii, pengine la duka la rekodi linalouza tiketi. Hizo nembo za chini ndizo ramani. Chagua bendi tano za muziki wako ambazo hupiga kwenye vyumba vya watu 100 hadi 300, maana za viwanjani hazitakufikisha kwa mtu. Pitia ratiba zao za miaka miwili iliyopita uone zilipiga wapi katika mji uliohamia. Tafuta mabango ya usiku ule, nakili bendi zilizotangulia na waandaaji. Ukishafika bango la nne au la tano, utaona majina mawili matatu yanajirudia. Hao ndio wenye mji. Wafuate hao, na uachane na orodha za kumbi.

Vyombo vya kazi hiyo vipo. Tovuti za Bandsintown na Songkick ni nzuri kwa bendi. Resident Advisor, iliyoanza mwaka 2001, ni ya muziki wa elektroniki, na ukurasa wa kila onyesho hutaja mwandaaji. Bandcamp hukuruhusu kutafuta wanamuziki kwa jina la mji, na hapo utakutana na watu waliorekodi chumbani kwao mtaa wa tatu kutoka kwako. Tafuta pia kwa lugha ya wenyeji. Anayeandika Kiingereza katika mji wa Ujerumani huletewa yaliyoandikwa kwa ajili ya watalii. Akiandika Konzert, yaani onyesho la muziki kwa Kijerumani, pamoja na jina la mtaa, mambo yanabadilika.

Hata hivyo mtandao una mwisho wake, na ni vizuri kujua kwa nini. Waandaaji wadogo hutangaza kwa picha ya bango, na mtambo wa kutafuta mara nyingi hauyasomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Wengine hutangaza kwa picha inayofutika baada ya saa 24. Wengine hutoa anwani siku yenyewe, kwa ujumbe. Halafu kumbi hufa. Klabu ya Watergate ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 2002, ilifunga milango mwishoni mwa 2024. Aliyeujua usiku kwa anwani alibaki na anwani. Aliyemjua mwandaaji alipewa habari za mahali papya. Ndiyo maana duka la rekodi bado lina kazi. Nenda mchana wa siku ya kazi, wakati muuzaji hana foleni, nunua kitu hata kidogo, kisha muulize: wiki hii wewe mwenyewe unakwenda wapi? Ukimuuliza pazuri ni wapi, atakupa jibu la wageni. Ukimuuliza anakokwenda yeye, atakupa jina la usiku.

Saa ya kufika inahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu bila kujua. Kwenye onyesho la bendi, saa iliyoandikwa bangoni mara nyingi ni ya milango kufunguliwa, siyo ya muziki kuanza. Milango ikifunguliwa saa mbili usiku, bendi ya kwanza hupanda baada ya nusu saa hadi saa nzima, na mara nyingi kila kitu kimekwisha kabla ya saa sita kwa sababu ya masharti ya kelele. Klabu ya kucheza ni kinyume chake: hufunguliwa saa tano usiku na kujaa saa saba au saa nane. Mgeni hupenda kufika pakiwa pamejaa, ili ajifiche kwenye umati asionekane yuko peke yake. Ni kosa, ijapokuwa linaeleweka. Pakiwa pamejaa kila mtu ameshapata wake, na sauti ni kubwa mno kwa mtu kujitambulisha.

Tazama chumba kilekile dakika 15 baada ya milango kufunguliwa. Watu ni kumi na wawili. Mwandaaji amesimama mlangoni mwenyewe, kwa sababu hana fedha za kuajiri mtu, anapiga muhuri mikononi na anaomba Mungu watu waje. DJ anapiga zile nyimbo azipendazo ambazo hawezi kuzipiga baadaye. Mpiga ngoma wa bendi inayotangulia amekaa pembeni hana la kufanya. Watu hao watatu ndio wanaomjua kila mtu atakayeingia usiku ule, na kwa nusu saa wako huru. Mgeni aliyefika mapema anaonekana mara moja, kwa sababu mwandaaji anazijua sura nyingine zote.

Mahali pa kusimama pia pana uzito. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1950 juu ya makazi ya wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, waligundua kwamba urafiki ulifuata ukaribu wa milango, na kwamba waliokaa karibu na ngazi walifahamiana zaidi na watu wa ghorofa ya juu, kwa sababu tu watu hao walipita mbele yao. Ukumbi una ngazi zake: meza ya kuuzia fulana na rekodi, uwanja wa nyuma wanakovutia sigara, njia ya kwenda chooni, kona yenye maji ya kunywa. Simama hapo. Katikati ya sakafu ni kwa kucheza, na mbele ya spika hapakaliki kwa mazungumzo.

Nalo hilo la spika lisichukuliwe kirahisi. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa muda wa saa nane, na kila sauti ikipanda desibeli 3 muda salama unapungua kwa nusu. Fuata hesabu hiyo: kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kumbi mwaka 2022, liliweka wastani wa juu kuwa hizohizo desibeli 100. Maana yake hata ukumbi unaofuata mwongozo unaweza kukudhuru ukikaa usiku kucha, kila wiki, kama tunavyokushauri ukae. Nunua viziba masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa sauti zote kwa usawa. Vile vya sponji huua sauti nyembamba na kuacha besi, ukavitoa baada ya nyimbo mbili. Na kuna faida ambayo wachache huitarajia: mtu akikusemesha karibu ya sikio, na viziba umevaa, humsikia vizuri zaidi kuliko bila.

Ukishapata wa kuzungumza naye, anza na kilicho mbele yenu. Bendi hii inatoka wapi, uliwahi kuiona, wimbo huu ni wa nani. Habari za ulikotoka na kwa nini ulihama zitakuja zenyewe. Ukianza nazo, unakuwa mgeni anayehojiwa, na mazungumzo yataishia kwenye maswali yaleyale ya kila siku. Zungumza dakika tano, kisha ondoka wewe kwanza, taratibu, uende kusikiliza. Anayeng'ang'ania mtu mmoja usiku mzima humchosha, na wiki ijayo atakwepwa. Ukiwa njiani kurudi andika simuni jina na jambo moja: fulani, mpiga besi, ana mbwa. Juma lijalo mwite kwa jina. Karibu kila mtu hukumbuka aliyemkumbuka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika dunia hii ya usiku, usisubiri kupewa, liombe. Usiku wa pembeni huendeshwa na watu wanne au watano waliochoka, na daima kuna pengo mlangoni, kwenye meza ya fulana, kwenye kubandika mabango, na zaidi ya yote kwenye kubeba vyombo muziki ukishakwisha. Hizo dakika 40 za mwisho, taa zimewashwa na wateja wameondoka, ndizo tajiri kuliko usiku mzima. Hakuna kelele, kila mtu ana kitu mkononi, na watu wenye kazi mkononi huzungumza bila haya.

Lakini uliza kwanza kabla ya kugusa, na ujifunze kukunja waya. Mgeni mwenye moyo mzuri huokota waya wa maiki akauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama kamba ya kuanikia nguo, na fundi sauti akasononeka. Ukizungushwa hivyo kila duara linausokota upande uleule, nyuzi za ndani zinachoka na kukatika, na usiku mmoja maiki inakwaruza katikati ya wimbo bila mtu kujua kwa nini. Wenye kujua hupiga duara la kwanza kawaida, lenye upana wa futi moja hivi, halafu la pili wanaligeuza kiganja ili waya upite kwa chini, la tatu kawaida, la nne kwa chini, hadi mwisho. Masokoto yanafutana. Waya uliokunjwa hivyo ukishika ncha moja na kuurusha, unanyooka bila fundo. Anayelijua hili, hata kama lugha ya pale haijamkolea, huacha kuwa mgeni usiku huohuo. Meza ya fundi sauti usiisogelee na kinywaji, na vitufe vyake usiviguse hata kama sauti imekukera.

Tahadhari moja hapa, na ni nzito. Katika nchi nyingi kazi ya kujitolea inayolipwa kwa tiketi au kinywaji yaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na viza ya mwanafunzi huwa na kikomo cha saa za kazi kwa wiki. Soma masharti ya kibali chako kabla ya kukubali kusimama mlangoni kila Jumanne. Kubeba spika mara moja na kuwa kwenye ratiba ya kila wiki si kitu kimoja mbele ya ofisa uhamiaji. Vivyo hivyo kwa dawa za kulevya: wenyeji wakikamatwa huenda wakalipa faini, mgeni akapoteza kibali cha ukaazi.

Wasiokunywa pombe huuliza kama dunia hii ina nafasi yao. Inayo, tena ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mjini Washington vijana wa hardcore walijichora alama ya X mikononi, alama ambayo kumbi zilikuwa zikiwatia wasiofikia umri wa kunywa ili waruhusiwe kuingia, wakaifanya nembo ya kukataa pombe kwa hiari. Mtindo huo wa straight edge uko hai hadi leo. Ila fahamu uchumi wa chumba. Katika mipango mingi, kiingilio ni cha mwandaaji na bendi, mauzo ya baa ni ya mwenye ukumbi. Wageni 60 waliolipa mlangoni na kunywa maji ya bomba humfurahisha mwandaaji na kumtia hasara mwenye ukumbi, naye mwezi ujao Jumanne ile anampa mtu mwingine. Nunua soda, nunua tena zikipita saa mbili. Huo ni mchango wako wa kukifanya kijiwe kiendelee kuwepo.

Kuhusu kamera, dhana iwe kwamba hairuhusiwi mpaka umeona kinyume. Klabu ya Berghain ya Berlin hubandika kibandiko kwenye kamera za simu mlangoni, na kumbi nyingi zimeiga. Sababu yake ni ya msingi: kuna watu ambao kazini au kwao hawajulikani wanavaa hivyo, wanampenda nani au wanacheza vipi, na picha moja yaweza kuwagharimu. Ukipewa anwani ya siri usiisambaze, hata kwa rafiki unayemwamini. Mwombe mwandaaji akuruhusu umlete. Mavazi yasikuumize kichwa: nguo nyeusi zisizo na maandishi, viatu vya kusimama saa tano. Anayejipamba kupita kiasi usiku wa kwanza hawachukizi watu, ila huwa amevaa kabla hajajua pale watu huvaa nini.

Siku mbovu zina gharama yake, nayo ni kurudi nyumbani. Tokyo treni husimama karibu na usiku wa manane hadi karibu saa kumi na moja alfajiri, hivyo usiku wa huko hukatika katika mapande mawili: onyesho linalokwisha kabla ya treni ya mwisho, na mkesha unaongoja ya kwanza. London treni za chini ya ardhi za usiku kucha, zilizoanza mwaka 2016, ni za Ijumaa na Jumamosi na kwa njia chache. Berlin nako treni hizo hukesha mwisho wa wiki. Jumanne basi, ambayo ndiyo siku yako, mara nyingi haina treni ya saa nane. Kabla ya kutoka, jua basi la usiku linapita wapi na kila baada ya dakika ngapi, hifadhi ramani isiyohitaji intaneti, na anwani yako iandikwe kwa hati ya wenyeji ili dereva aisome. Kitambulisho halisi kiwe mfukoni pale sheria inapotaka. Japani, kwa mfano, mgeni mkaazi anatakiwa kutembea na kadi yake ya ukaazi muda wote.

Kuna swali la makundi ya wageni wenzako, yale ya watu waliohamia kutoka kila pembe. Hatuyabezi. Mwezi wa kwanza yatakupa godoro, laini ya simu na mtu wa kukuelekeza. Lakini watu wake huja na kuondoka, mmoja akimaliza mkataba, mwingine akihitimu, na saa zako 50 zinaondoka nao. Tena ukija ukumbini na wageni wenzako watano mmesimama duara, mnazungumza lugha yenu, hakuna atakayeliingia duara hilo. Njoo peke yako au wawili.

Wala usidharau wale mnaosalimiana tu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari mpya, hasa za kazi, huletwa zaidi na watu tunaowajua kijuujuu kuliko na wandani wetu, kwa sababu wandani wetu wanajua tunayoyajua sisi. Mhudumu wa baa anayekupungia mkono ndiye atakayekuambia kuna chumba kinapangishwa, au kuna usiku mwingine Alhamisi ambao hautangazwi popote.

Uvumilivu nao uwe na kipimo. Usiku wa kila wiki upe mara sita mfululizo; wa kila mwezi, mara nne. Mara ya kwanza hujulikani, ya pili unatazamwa, ya tatu mtu atakuuliza kama si wewe uliyekuja wiki iliyopita. Ikifika ya sita, umefika mapema kila mara, umejitolea kubeba, na bado hakuna anayekusalimu, ondoka bila kinyongo: si kila chumba kina nafasi. Linaloharibu zaidi ni kwenda mara tatu na kupotea mwezi mzima. Unaporudi, kwao wewe ni mpya tena.

Usiku wa kila mwezi peke yake haufiki popote kwa haraka. Saa tano kwa mwezi ni miezi kumi ili kugusa saa 50. Kuna njia ya kufupisha, nayo ni tamasha. Wave-Gotik-Treffen, tamasha la goth lililoanza mwaka 1992, hufanyika Leipzig, Ujerumani, wakati wa Pentekoste na hukusanya watu wapatao 20,000 kwa siku nne hivi. Ukisafiri na watu wa mji wako kwa gari moja, mkalala kambi moja, saa 40 zinapatikana kwa mkupuo. Nafasi ndani ya magari hutafutwa wiki sita hadi nane kabla. Atakayewahi kuuliza atapata kiti, na kiti hicho ndicho chenye thamani kuliko hata tamasha lenyewe.

Na kama mji hauna kitu kabisa, anzisha. Watu sita wanatosha. Omba kona ya nyuma ya baa au mkahawa siku ambayo mwenyewe analalamika haina wateja, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, kila mtu alete nyimbo tatu. Weka tangazo duka la rekodi na kwa waandaaji wa usiku unaopakana. Amua tangu mwanzo kwamba utafanya mara sita, na usiahirishe hata siku mkija wawili, kwa sababu yule wa tatu aliyekuja na kukuta mlango umefungwa hatarudi. Usigeuze siku ili kumridhisha mmoja.

Siku ikifika ya kuhama tena, usiondoke kimyakimya. Mwambie mwandaaji unakwenda mji gani na umwombe jina la mtu mmoja huko. Anaye, karibu hakika, kwa sababu bendi alizozileta zilitoka mahali na zikaelekea mahali, na katika kila mji kuna mtu aliyezilaza sebuleni kwake. Omba akuandikie ujumbe mfupi wa kukutambulisha kabla hujapanda ndege, utaje na ulilokuwa ukilifanya: huyu alikuwa anatukunjia waya.